Mambo Mengine Yote Yakibaki Vilevile

Mama alipokaa eda nilimsomea somo la fedha za kimataifa, kuanzia sura ya kwanza mpaka ya kumi na mbili. Halikuwa wazo langu. Nilikuwa nimekaa kizingitini mwa chumba chake, kitabu mapajani, nikiupitia ukurasa mmoja kwa mara ya nne bila kukumbuka unaanzaje, naye akasema kutoka kitandani, "Si usome kwa sauti nami nisikie. Nyumba imenyamaza mno hii."

Nikamwambia kitabu ni cha Kiingereza.

"Basi kigeuze. Tumekusomesha ya nini?"

Nikakigeuza. Kitongoji chetu kiko ng'ambo ya Mbuchi, kimezungukwa na mikoko pande tatu, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kutamka pale maneno "urari wa malipo ya nje" kabla ya siku ile. Niliyatamka mimi, kanga kiunoni, vidole vikinuka moshi wa kuni, kwa mwanamke aliyevaa nyeupe ambaye wiki tatu zilizopita alikuwa mke wa mtu.

Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili wa shahada ya uchumi huko Dar es Salaam, ukiacha mtihani mmoja. Ratiba ilisema takwimu Jumatano, fedha za kimataifa Ijumaa, kisha likizo ndefu. Jumatano ile niliizima simu, nikaiacha ndani ya mkoba nje ya ukumbi kama sheria inavyotaka, nikaingia, nikakokotoa kwa saa tatu. Nilitoka na furaha. Nalikumbuka hilo vizuri kuliko yote yaliyofuata, kwa sababu maswali mawili niliyoyabahatisha yalikuwa yamekuja. Nikawasha simu. Baba alikuwa amepiga mara tisa. Nikacheka mwenyewe, maana baba hakuwa mtu wa kupiga mara tisa. Alikuwa mtu wa kubipu mara moja na kukaa akingoja. Nikadhani ana hamu ya kujua mtihani ulikuwaje. Nilipompigia, aliyepokea alikuwa baba mdogo, na alisema neno moja tu, "Njoo."

Baba alikuwa amedondoka asubuhi ile akiwafunga kaa kamba. Kaa wakubwa wa mikokoni husafirishwa wazima, kwa hiyo lazima wafungwe magando kabla ya mnunuzi kufika, na baba aliifanya kazi hiyo kila siku kwa miaka mingi, amechuchumaa mlangoni pa nyumba. Waliomkuta walisema mkono wake ulikuwa bado umeshika kamba. Mimi nikiwa natafuta wastani na mkengeuko wake, yeye alikuwa ameshaondoka.

Kwetu maiti haiwekwi. Walimzika baada ya alasiri. Basi lilinifikisha Kibiti jua likiwa limezama, bodaboda ikanifikisha Mbuchi baada ya isha, na pale nikakuta maji yameshakupwa. Zilikuwa siku za bamvua, mwezi ulikuwa umeandama jioni ile ile, na maji ya bamvua yakikupwa mto wetu hubaki tope tupu na boti zikalala ubavu. Nikalala kwa mke wa mwenye boti. Asubuhi nilivuka, nikaonyeshwa rundo la mchanga mbichi, nikaambiwa nisome Fatiha. Nikaisoma.

Sikulia. Watu walisema mtoto huyu ana imani, na mimi nikawaacha waseme. Ukweli ni kwamba sikuwa nahisi kitu. Nilikuwa nakula, nalala usingizi mzito, nateka maji, nawasha moto, nawapokea wageni waliokuja kutoa pole na kuwapangia mikeka. Ukiukalia mguu muda mrefu unafika mahali ukiufinya unaona tu vidole vyako vinafinya mguu wa mtu mwingine. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima, na nilikuwa naona aibu, lakini hata aibu yenyewe ilikuwa ya mbali.

Ikaamuliwa kuwa mimi ndiye nitakayekaa na mama ndani ya eda, kwa kuwa ni likizo na kwa kuwa sina ndugu wa kike. Nilipofika tu niliingiza hesabu kwenye simu: miezi minne na siku kumi tangu siku aliyofariki baba. Simu ikanipa Jumatano moja ya Novemba. Nikaiwekea alama, nisihangaike kuhesabu tena.

Mama alikaa kama inavyotakiwa. Hakutoka nje ya ua, hakujipaka manukato wala wanja, hakuvaa hata bangili. Kila jioni ya mwisho wa mwezi alisimama uani akatazama juu ya mikoko upande wa magharibi, kisha akaingia ndani akasema, "Umeandama." Nilimsikia akisema hivyo mara kadhaa. Nikaitikia, "Alhamdulillahi," nikaendelea kuosha vyombo.

Kusoma kukawa ratiba yetu. Yeye alilala ubavu, mkono chini ya shavu, mimi kizingitini ambako kulikuwa na mwanga. Nilipata taabu na maneno. Uchumi ule nilifundishwa kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza, na nilipojaribu kuugeuza niligundua kuwa kurasa nyingi nilizopigia mstari mwekundu sikuwa nimezielewa. Nilikuwa nimezikariri tu. Ukimwambia mama kwamba mtaji unahama, anauliza umehamia wapi, kwa nani, na kwa nini kule na si huku. Hapo ndipo nilipokuwa nakwama, nikarudi nyuma kurasa mbili.

Sura ya nne ilihusu usawa wa riba baina ya nchi na nchi. Mama alisikiliza ukurasa mzima, kisha akauliza kama walioandika kitabu hiki wanajua kwamba riba ni haramu. Nikasema kitabu kinaeleza tu, hakihukumu.

"Haya. Lakini hizo za riba tusome tukishaswali alasiri. Zisitangulie."

Tangu siku hiyo sura zenye riba zilingoja alasiri, na kwa somo lile maana yake ni kwamba asubuhi hatukuwa na mengi ya kusoma.

Kitabu kile kilikuwa na mazoea yake. Kabla ya kusema jambo lolote la maana huweka sharti: mambo mengine yote yakibaki vilevile. Fedha ya nchi ikishuka thamani, mambo mengine yote yakibaki vilevile, bidhaa zake zitanunuliwa zaidi nje. Riba ya nchi ikipanda, mambo mengine yote yakibaki vilevile, mitaji itaingia. Mhadhiri wetu aliyatamka maneno hayo haraka, bila kuinua macho, nasi tuliyaandika kwa kifupi, herufi mbili tu. Nilipomsomea mama mara ya kwanza alinyanyua kichwa.

"Hayo mambo mengine ni yapi?"

"Yote, mama. Mapato ya watu, mapenzi yao, bei za nchi za wenzetu, mvua."

"Nayo yanabaki?"

"Hayabaki. Tunachukulia tu kwamba yamebaki, tupate kuliona jambo moja vizuri."

Akarudisha kichwa kwenye mto wa kulalia. Nilidhani amelala. Kisha akasema, "Wana raha hao."

Baada ya hapo kila nilipoyafikia maneno hayo alisema, "Wana raha," polepole, kama mtu anayeitikia dua. Sikucheka, lakini nilianza kuyangojea.

Kuna sura moja ilimfanya akae kitako. Ilieleza kwamba dola ikipanda, muuzaji wa nje hupata shilingi nyingi zaidi kwa mzigo ule ule. Mama akaniuliza mara mbili kama nimegeuza sawasawa. Nikasema ndiyo.

"Basi yule bwana wa kaa, dola ikipanda alitakiwa atuongeze."

"Alitakiwa."

"Baba yako alimwambia vivyo hivyo. Alikuwa akiisikiliza dola redioni. Akajibiwa kwamba hajasoma, haelewi." Akalala tena, safari hii akageukia ukutani. Mimi nikaendelea na ukurasa uliofuata. Ningeweza kusimama pale nikasema neno, lakini sura ilikuwa bado kurasa kumi.

Oktoba ilipokuwa inaelekea mwisho nilikwenda gatini ambako intaneti hukamata, nikakuta ujumbe kwenye kundi letu la darasa. Mitihani maalumu, yaani ya wale waliokosa kwa sababu iliyokubaliwa, ingefanywa kabla ya chuo kufunguliwa. Wangu ulikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi. Nikafungua alama niliyoiweka kwenye simu. Eda ilikuwa inaisha Jumatano ya juma hilo hilo. Mtihani uliitangulia kwa siku mbili.

Nilihisi nafuu. Naliandika neno hilo kwa aibu, maana ndilo jambo la kwanza nililolihisi tangu msiba. Kutofanya mtihani ule kulikuwa na maana ya kurudia mwaka mzima, na kwa familia ya mfunga kaa aliyekwisha fariki, mwaka mzima ni kitu ambacho huenda kisipatikane tena. Nililijua hilo. Hata hivyo nilipokuwa nikirudi nyumbani kwa njia ya mikokoni miguu yangu ilikuwa myepesi.

Nikamwambia mama kwamba mtihani ni Jumatatu ya tarehe fulani, na kwamba sitakwenda. "Sikuachi peke yako ndani ya eda," nikasema.

"Jumatatu hiyo?"

"Hiyo."

Nikaona kidole gumba chake kikipita kwenye vifundo vya vidole vingine, kimoja kimoja, kama anavyofanya akivuta tasbihi bila tasbihi. Alipomaliza alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. "Haya," akasema. Nilidhani anaumia kwa ajili ya mwaka wangu. Nikaufunga mjadala, nikaenda kukuna nazi.

Tukaendelea kusoma, ingawa sikuwa na mtihani tena. Tulimaliza sura ya kumi na mbili siku ya Alhamisi. Ijumaa alasiri shangazi, dada yake baba, akaingia kutoka Ruaruke na kifurushi cha nguo kichwani na chetezo mkononi. Nikadhani amekuja mapema ili apumzike kabla ya siku yenyewe. Nikampikia, akala, wakaongea na mama mambo ya ndugu.

Jumamosi asubuhi niliamka nikakuta sufuria kubwa ya maji iko motoni na ua una wanawake watano. Shangazi alikuwa anakunjua doti ya kanga mpya. Udi ulikuwa umeshawekwa kwenye makaa.

"Nini tena?" nikauliza.

"Mama yako anatoka eda."

"Bado siku nne."

Wakatazamana. Shangazi akaja karibu. "Mwenzetu umehesabu kwa mwezi upi?"

Nikamwonyesha simu. Aliitazama kwa heshima, akanirudishia. "Huu mwezi wa ofisini," akasema. "Eda huhesabiwa kwa huu wa juu. Umeandama mara nne baada ya ule alioondokea kaka yangu, huu wa mwisho leo una siku kumi. Mama yako amekwisha maliza."

Mke wa jirani alitaka kucheka, shangazi akamwangalia, akaacha. Nikakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Mwaka mzima nilikuwa nimejifunza kugeuza fedha ya nchi moja kuwa ya nchi nyingine, na haikunipitikia kwamba hata miezi ni ya aina mbili. Mama alitoka bafuni amevaa kanga mpya, ananukia udi, uso umekonda. Alinipita akanishika bega. Wanawake walikula, wakaomba dua, na adhuhuri ilipokaribia wakaondoka. Tukabaki watatu, shangazi akiwa jikoni anasugua sufuria.

"Mtihani si kesho kutwa?" mama akasema.

"Ulijua."

"Ulisema hutaniacha ndani ya eda. Nikahesabu, nikaona siku hiyo nitakuwa nimeshatoka. Nikasema huyu anajua, ila hataki kwenda, anatafuta pa kujificha. Nikangoja useme. Ungekuja ukasema hutaki, tungelizungumza. Sikupenda nionekane nakufukuza."

"Sikujua. Nilikosea hesabu."

"Kukosea umekosea. Lakini hukutaka vilevile."

Nikasema ndiyo, sikutaka. Nikamwambia kuhusu mara tisa. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, hata yeye. Nikamweleza kwamba niliona jina la baba nikacheka, nikaona raha kwamba ananiwaza, nikapiga kwa furaha. Nikamwambia naogopa kuizima simu ile kwa saa tatu. Naogopa kuiwasha zaidi. Nilisema yote hayo kwa sauti ile ile niliyomsomea urari wa malipo, na macho makavu.

Mama alikwenda chumbani akarudi na mkoba wangu. Ulikuwa umeshapangwa. Nguo zilikuwa zimekunjwa, kitambulisho cha chuo kimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni kisilowe, na kitabu kipo juu kabisa. Alikuwa ameupanga tangu Ijumaa, shangazi alipofika.

"Kama hutaki, nitaupangua sasa hivi," akasema. "Shangazi yako anakaa hapa mwezi mzima. Mie simo ndani ya eda tena. Sema."

Nikauchukua mkoba.

Siku ya kumi na moja ya mwezi maji ni mafu, hayana nguvu ya kujaa mpaka kwetu, kwa hiyo boti husubiri kwenye mto mkubwa na abiria huifuata kwa miguu. Jumapili asubuhi mama alinisindikiza. Ilikuwa safari yake ya kwanza nje ya ua kwa miezi minne na siku kumi, na nyayo zake zilikuwa zimelainika, kila alipokanyaga mzizi wa mkoko alikunja uso. Nikamwambia arudi. Akasema hapana, na yeye anataka kuona maji. Tulipofika alisimama kwenye tope mpaka nilipopanda, akaniombea dua, na boti ilipogeuka nikamwona ameinama ananawa miguu.

Jumatatu tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja kwenye ukumbi wa watu mia tatu. Niliizima simu mlangoni. Vidole vilinichelewa, msimamizi ikabidi anihimize. Swali la kwanza lilikuwa la lazima: eleza jinsi kushuka kwa thamani ya fedha ya nchi ndogo kunavyowaathiri wauzaji wake wa nje, mambo mengine yote yakibaki vilevile. Nikaisikia sauti ya mama ikiitikia. Nikaandika. Niliandika kama ninavyomweleza yeye, kila ninaposema kitu nimejiuliza kimehamia wapi na kwa nani, na mwisho nikaongeza aya ambayo sikuulizwa, kuhusu mnunuzi wa kati ambaye dola ikipanda anamwambia muuzaji kwamba haelewi. Sijui kama ilinipa alama. Somo lenyewe nilifaulu, kwa daraja la kawaida.

Saa sita nilitoka. Nikaenda chini ya ukuta mahali wenzangu hawapo, nikawasha simu. Ilichukua muda wake kama kawaida. Kisha ikatetemeka.

Baba amepiga. Mara moja.

Nilijua kwamba simu ile sasa anakaa nayo mama. Nilijua kwamba sikuwa nimebadilisha jina. Niliyajua yote hayo, na bado nikakaa chini kwenye vumbi na sketi yangu ya mtihani. Nikabonyeza kwa kidole kisichokuwa changu. Ikaita mara mbili.

"Mie hapa," mama akasema, kabla sijasema halo. "Nilijua utatoka ukiogopa. Ndiyo nikabipu, unipigie, unikute."

Hapo ndipo nililia. Nililia kwa sauti, kichwa kwenye mkoba, wanafunzi wakipita na kugeuza macho. Mama hakuninyamazisha wala hakuuliza mtihani ulikuwaje. Nilikuwa nasikia anavyopumua, na nyuma yake shangazi anatwanga kitu. Alikaa hivyo upande wa pili, akingoja, mpaka salio langu likaisha.